Mshale Haukuomba Mafuta

Lile kopo lilipaswa kubaki ndani ya boksi la vifaa. Nalisema mapema ili msomaji asiyependa kusubiri ajue nilipo. Mliokuwepo kwenye mkusanyiko wetu Morogoro Jumamosi mliona wenyewe: Landrova 109 Siriz Tatu, mshale wa spidi umeganda kwenye 40, fundi kijana kaitoa spidomita, kaizungusha pete ya kioo mpaka vijino vikakutana na mapengo, kioo kikatoka bila mkwaruzo. Watu wamemzunguka na simu zao. Hapo ndipo alipochukua mafuta ya kupuliza, yale ya kulegezea nati zenye kutu, akachomeka mrija kando ya mshale akapuliza. Sekunde tatu. Mshale ukaruka, ukarudi sifuri. Makofi.

Makofi yale ndiyo yaliyoniuma. Mshale kweli ulirudi, na ungerudi hata kwa tone la spiriti ya hospitali, kwa kuwa kilichokuwa kimeushika ni mafuta ya zamani yaliyogeuka ulimbo kwenye mhimili wake. Spiriti ingeyeyusha ulimbo ule, ikakauka, ikaondoka zake. Ya kwenye kopo nayo huyeyusha, lakini ile sehemu nyepesi ikishapaa huacha mafuta nyuma, na mafuta hayo yanaanza siku hiyo hiyo kukusanya vumbi. Kwa hiyo kilichopigiwa makofi ni ugonjwa kuahirishwa. Na laiti ingekuwa kuahirishwa tu.

Mnajua kilichomo ndani ya kasha la spidomita. Tukumbushane kidogo kwa sababu kosa lote limekaa humo. Kwenye spidomita za aina hii, ambayo Mjerumani Otto Schulze aliiandikishia hataza mwaka 1902, hakuna gia inayousukuma mshale. Kebo inazungusha sumaku. Karibu yake, kwa mwanya mdogo sana, kuna kikombe cha alumini kilichoshikana na mhimili wa mshale. Sumaku na kikombe havigusani. Sumaku ikizunguka, umeme unazuka ndani ya alumini, na umeme huo unakivuta kikombe kiifuate sumaku. Kinachokirudisha ni kispringi chembamba kama unywele. Basi. Mshale wote unaishi kwenye mvutano wa vitu hivyo viwili, na nguvu yenyewe ni ndogo kiasi kwamba ukipuliza kwa mdomo unausogeza.

Sasa tia mafuta humo. Yakishuka kwenye ule mwanya, sumaku na kikombe havitenganishwi tena na hewa. Mafuta yenyewe yanakuwa mkono wa pili unaokivuta kikombe, na spidomita inasoma juu kuliko mwendo halisi. Asubuhi ya baridi, mafuta yakiwa mazito, inasoma juu zaidi. Mliowahi kuona mshale ukiruka hadi mwisho wa namba gari likiwa gia ya pili, hiyo ndiyo sababu: mara nyingi oili imepanda na kebo mpaka kichwani. Yakifika kwenye kispringi, mambo yanageuka. Mizunguko yake inagandamana, kispringi kinakuwa kama kimefupishwa, kinakaza, na mshale unasoma chini. Yaani kopo moja, sekunde tatu, na hujui hata uongo utaelekea upande gani. Mwenye gari atapita Mikese akiamini yuko 50, na tochi ya trafiki haijali kilichopulizwa Jumamosi.

Nikiri kwamba kuna mahali spidomita inataka mafuta. Ni nyuma, kwenye shingo, pale kebo inapoingia: mhimili wa sumaku unazunguka mfululizo maisha yake yote, na spidomita nyingi za kampuni ya Smiths, kama hiyo, zina utambi mdogo wa kuulainishia. Tone moja la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano. Mhimili wa kikombe haufanani na huo. Wenyewe haumalizi hata mzunguko mmoja. Unataka usafi na ukavu. Kijana alichanganya mihimili miwili iliyo umbali wa upana wa kidole, na kwa kosa hilo namlaumu kidogo tu. Ninaowalaumu ni waliomfundisha kwamba kitu kisichosogea kinapuliziwa. Nimeliandika hili kuhusu swichi za taa, nikaliandika kuhusu kufuli, nitaliandika tena.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa mbele yake. Kioo kimeshatoka. Unauinua mshale taratibu uvuke kijiti chake cha kusimamia, unauacha upumzike pale kispringi kinapotaka, unatia alama ya penseli. Usipoweka alama hiyo utaurudisha kwa kukisia, na kila namba itakuwa ya kukisia. Kisha unaung'oa kwa vijiko viwili vya chai vilivyowekewa kitambaa chini visikwaruze uso, unafungua skrubu mbili za uso, na kikombe kinaonekana. Spiriti kwenye ncha ya kijiti cha meno, mhimili juu na chini, hewa ya kupuliza kwa mpira wa mkono. Nusu saa, labda dakika arobaini. Watu wangeondoka kwenda kunywa chai, kweli, lakini spidomita ingepona.

Baada ya hapo kuna kipimo ambacho sikumwona hata mmoja akikiulizia. Uso wa Smiths una namba ndogo, hiyo ni mizunguko ya kebo kwa kila maili, au kwa kila kilomita kama uso ni wa kilomita. Zungusha kichwa kwa drili kwa idadi hiyo ya mizunguko kwa dakika, upande sahihi, na mshale lazima usome 60. Lazima.

Nimtendee haki kijana, kazi yake ya kebo ilikuwa nzuri: aliiosha, akapaka grisi kidogo, akaacha shibiri ya juu kavu, akabadilisha na sili ya kwenye transfa.

Watanisema natukuza wazee. Natukuza. Nilipokuwa kijana Tanga, spidomita haikutengenezwa gereji. Fundi gari aliifungua, akaifunga kwenye gazeti, akampelekea fundi saa, na fundi saa aliweka kioo jichoni kabla hajagusa kitu. Hakuwa na kopo. Alikuwa na kibano, brashi ya manyoya na subira, na alijua springi ya unywele ikiguswa na mafuta imeharibika, kwa kuwa saa humuumbua fundi kesho yake asubuhi. Na zile enzi za Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, waongoza njia wa mashindano walitumia Halda, mashine ya Sweden ya kuhesabu umbali, ambayo ilichota mzunguko wake kwenye kebo hii hii ya spidi. Hebu mpulizie mmoja wao kopo kwenye Halda yake uone kama utafika jioni.

Kwa mwenye ile 109: mzee wangu, usiuamini mshale wako kwa sasa. Itoe spidomita tena, ifunge kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, mpelekee fundi saa, mwambie aoshe kikombe, sumaku na kispringi mpaka visibaki na harufu ya kopo. Nusu ya gharama nitalipa mimi, maana nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye mrija ule, na nikanyamaza.