Maji ya Vuguvugu

Muuguzi aliliweka beseni juu ya kiti kilichotobolewa katikati, akachovya kiwiko majini, akangoja, akaongeza maji baridi kidogo, akachovya tena. Ndivyo mama apimavyo maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Mimi nilikuwa na miaka 52, babu wa watoto wawili, nimeegemea ukuta wa wadi ya wanaume katika gauni linalofungwa kwa kamba mgongoni. Na huko mgongoni, chini zaidi, ndiko kulikokuwa na kisa chenyewe.

"Kaa polepole, mzee. Dakika kumi na tano. Usijikaze."

Nimesoma sifa za mafundi wengi: mhunzi, mchonga milango wa Lamu, mshona kofia. Sijasoma mahali popote sifa za mkono unaopima maji ya kukaliwa na mtu aliyepasuliwa bawasiri. Basi naanza mimi.

Ugonjwa huu hauna jina la kutajwa mbele ya wakwe. Watu wa pwani wana hilo neno bawasiri, lililokuja na adabu yake kutoka Uarabuni. Huku kwetu, kutoka Embu hadi Maua, mwanamume husema ana shida ya kukaa, au husingizia mgongo. Mimi niliusingizia mgongo miaka mitatu. Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humuumbua. Mimi niliumbuliwa na kiti cha matatu kilichotandikwa kitambaa cheupe. Niliposhuka Nkubu, makanga alinitazama, akakitazama kiti, akavua jaketi lake akanipa nijifunge kiunoni, bila kusema neno. Huyo naye angestahili insha yake.

Eneo hili halina uhaba wa shule za uuguzi. Kuna Chogoria, ambako Dkt. Clive Irvine alianza kazi ya misheni mwaka 1922. Kuna Consolata ya Nkubu, Methodist ya Maua, na vyuo vya KMTC mjini Meru na Embu. Hospitali niliyolazwa sitaitaja, kwa kuwa nitailalamikia kidogo.

Daktari alikata, akamaliza, akaenda zake. Njia aliyoitumia ni ya Milligan na Morgan, wapasuaji wa Hospitali ya St Mark's jijini London, walioieleza mwaka 1937: vinyama hukatwa, mishipa yake hufungwa, na vidonda huachwa wazi vipone kutoka ndani kuja nje. Kazi ya kisu ni ya muda mfupi. Kupona huchukua wiki kadhaa, na wiki hizo ni za muuguzi. Ngozi ya mahali pale ina neva nyingi. Zaidi ya hapo, kuna msuli wa ndani usiotii amri yetu, unaojibana usiku na mchana, na ukijeruhiwa hujibana zaidi. Ukijibana, damu hupungua. Damu ikipungua, kidonda huchelewa na maumivu huzidi. Maumivu yakizidi, msuli hujibana tena. Maji ya vuguvugu huulegeza. Kwa hiyo lile beseni halikuwa huruma tu, lilikuwa dawa.

Hospitali hiyo ya St Mark's ilianzishwa na Frederick Salmon mwaka 1835, na mwaka 1841 Salmon huyo alimpasua mwandishi Charles Dickens nasuri ya mahali hapo hapo. Dawa ya usingizi ya etha ilikuja mwaka 1846. Hesabu mwenyewe. Kila nilipojihurumia kitandani nilimkumbuka Dickens, na haikunisaidia hata kidogo.

Jioni ya kabla ya upasuaji, muuguzi alikuja na faili akanieleza habari ya namba. Sifuri ni kutoumwa kabisa, kumi ni maumivu ambayo huwezi kuwazia makali zaidi yake. Kila akija ataniuliza ngapi, nami nitamwambia. Nikaitikia. Usiku baada ya thieta, ganzi ya mgongo ilipoanza kuondoka na vidole vya miguu kurudi kimoja kimoja, aliniuliza. Nikasema mbili. Saa sita usiku: mbili. Alfajiri, nikiwa nimeshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili: "Mbili tu, Sista."

Mtu wa huku atanielewa. Nilipotahiriwa kijana, nilisimama asubuhi ya baridi huku wanaume wa ukoo wakinikodolea macho, si waone kisu, bali waone kope zangu. Atakayepepesa ataimbwa. Kwa Wameru ni hivyo, kwa Waembu ni hivyo. Somo lile hudumu maisha yote. Hakuna anayekuja baadaye kukufundisha kulisahau. Mwaka 1968 muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, alifundisha kwamba maumivu ni yale anayoyasema mwenye kuyahisi, na yapo kila anaposema yapo. Fundisho zuri, lililowaokoa wagonjwa wengi waliokuwa wakiitwa waongo. Lakini afanyeje muuguzi ambaye mgonjwa wake anadanganya kwa upande wa pili?

Wangu aliacha kuuliza namba. Alikuja asubuhi ya pili akauliza kama nimegeuka usiku. Akauliza kama nimekojoa, maana ganzi ile pamoja na maumivu ya kule nyuma huweza kukifunga kibofu. Akanibonyeza chini ya kitovu kwa kiganja, akanisimamisha kando ya kitanda, akafungua bomba la sinki maji yatiririke, akatazama pembeni. Ikafaulu. Kisha akatazama chini ya kitanda, ambako sahani yangu ya githeri ya jana ilikuwa imekaa haijaguswa.

"Kwa nini hukula?"

"Sina njaa."

"Mzee, unaogopa choo."

Hakuna daktari aliyekuwa amelitaja hilo. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kijinga: nisipokula, hakuna kitakachotoka. Kumbe kitatoka tu, na kwa kukaa kikavu kitatoka kama jiwe. Hapo ndipo nilipoujua ufundi wake. Alikuwa anayatafuta maumivu mahali yalipojificha, kwenye sahani, kwenye shuka lisilokunjamana, kwenye kibofu. Aliyaona bila mimi kupepesa.

Akaanza kupanga saa. Vidonge vya parasetamoli nilipewa kila baada ya saa sita hata kama sijaomba, kwa sababu maumivu yaliyokwisha kupanda mti ni kazi kuyashusha. Lactulose ya kulainisha choo asubuhi na jioni. Papai, uji, maji kikombe baada ya kikombe. Dawa kali za jamii ya mofini alizitoa kwa kipimo, akinieleza sababu: hutuliza kidonda leo na kuufunga utumbo kesho, na deni hulipwa msalani.

Kitanda cha pili alilala mkulima kutoka Igembe, mwenye maradhi kama yangu. Alikuwa ametafuna miraa tangu ujana, na miraa ina tanini nyingi inayofunga choo, mbali na kuua hamu ya kula. Daktari alimkaripia. Muuguzi alimuuliza anatafuna saa ngapi na anakunywa nini wakati huo. "Chai, na soda." Akamwambia kwa kila kikombe cha chai anywe viwili vya maji, na ale nthoroko, yaani kunde, na mboga kabla ya kuanza kutafuna, si baada. Anajua atarudi shambani, na miraa ndiyo karo ya watoto. Mzee yule alimsikiliza kwa makini kuliko alivyomsikiliza daktari.

Lalamiko langu ni hili. Usiku wa pili maumivu yalivuka vidonge. Muuguzi, aliyekuwa peke yake na wadi nzima, alihitaji saini ya daktari ili anipe dawa ya nguvu zaidi, na simu ililia hadi ikakatika. Akapiga tena. Alipata saini karibu saa tisa usiku. Jirani zetu Waganda tangu mwaka 2004 wanawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini ya kunywa. Sisemi kila muuguzi apewe ufunguo wa kabati. Nasema anayekaa na maumivu usiku ndiye anayeyajua kwa sura, na wakati wauguzi wetu walipogoma miezi mitano mwaka 2017, wadi nyingi zilijifunza jambo hilo kwa uchungu.

Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, haja ilifika. Muuguzi alikuwa amenipa dawa nusu saa mapema. Alinipeleka hadi mlango wa choo, akabaki nje, nikasikia ndara zake zikigeuka kuelekea ukutani. Sitaeleza yaliyotokea ndani. Baada ya muda sauti yake ilikuja chini ya mlango, kama mtu anayeuliza bei ya ndizi:

"Ngapi?"

Nilikuwa peke yangu, gizani, hakuna mjomba wa kutazama kope.

"Nane," nikasema, na machozi yakanitoka.

"Haya. Beseni liko tayari."

Niliruhusiwa siku ya tano. Aliniambia nikalie mto wa kawaida, si ule wa duara wenye tundu, kwa kuwa huo huvuta kidonda. Nikapanda matatu ya kuelekea Embu na kuhesabu matuta yote: kona za daraja la Nithi, Chuka, mteremko wa Thuci. Mke wangu alinipokea stejini Runyenjes, akaniuliza kama bado naumwa. Nikafungua mdomo niseme sijambo.

"Nne," nikasema.

Akanitazama kwa muda mrefu, mto wangu ukiwa kwapani mwake.

"Nne ya nini?"