Haki, Kulia na Sahihi: Neno “Right” la Kiingereza na Uandishi wa Sheria kwa Kiswahili

Utangulizi

Neno “right” la Kiingereza linapofika mikononi mwa mfasiri wa Kiswahili hugawanyika mara moja: kwa mwanasheria ni haki, kwa mwalimu ni sahihi, kwa dereva ni kulia. Kwa kawaida kamusi za lugha mbili huorodhesha visawe hivyo chini ya kidahizo kimoja. Orodha ya aina hiyo humfaa msomaji wa kawaida, lakini haimtoshi mwandishi wa sheria. Huonyesha mahali ambapo Kiingereza kina maana nyingi, na papo hapo huficha mahali ambapo Kiswahili chenyewe kina maana nyingi. Hoja ya makala haya ni kwamba ugumu mkubwa wa kulihamisha neno hilo umo katika neno haki, si katika wingi wa maana za “right”.

Asili mbalimbali

“Right” limetokana na “riht” la Kiingereza cha Kale, lililohusu kitu kilichonyooka na jambo lililo la haki. Lina undugu na neno la Kilatini “rectus”, kilichonyooka, na “rex”, mfalme. Kutokana na unyoofu wa mstari, maana ilipanuka hadi unyoofu wa mwenendo, usahihi wa jibu, na kile ambacho mtu anastahili kukidai. Upande wa mwili uliingia baadaye, kwani Kiingereza cha Kale kiliuita mkono huo kwa neno lenye maana ya “wenye nguvu zaidi”.

Kiswahili kilifuata njia nyingine. Kulia ni kauli ya kutendea ya kula: mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Kisawe chake, kuume, kina mzizi wa uume. Haki na sahihi yametoka Kiarabu, kila moja kwa mzizi wake. Katika Kiarabu “haqq” hubeba ukweli pamoja na stahili, na kiapo cha “haki ya Mungu” kingali kinahifadhi maana hiyo ya ukweli. Mrengo wa kulia, nao, ni tafsiri ya mpangilio wa viti katika Bunge la Ufaransa la mwaka 1789, ambamo waliomuunga mkono mfalme walikaa kuumeni mwa mwenyekiti. Mkono wa kulia chakula umebebeshwa siasa za Ufaransa, na hakuna msomaji anayetatizika. Wingi wa maana, kwa hiyo, si kasoro kwa nafsi yake. Huwa kasoro pale muktadha unaposhindwa kuchagua.

Haki mbili katika neno moja

Ndivyo inavyotokea kwa neno haki. Katika Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Dibaji inaiweka haki pamoja na uhuru, udugu na amani; Ibara ya 107A inaikabidhi Mahakama mamlaka ya utoaji haki; na masharti yaliyoongezwa mwaka 1984 yanaorodhesha haki za mtu. Mara mbili za kwanza haki ni hali ya kutendeana kwa usawa na uamuzi usiopendelea; mara ya tatu ni stahili anazoweza kuzidai mtu mmoja mmoja. Kiingereza hutumia maneno mawili tofauti. Katika mazungumzo ya kila siku, mfanyakazi aliyeachishwa kazi akisema anadai haki zake, mara nyingi humaanisha malipo.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unaonyesha uzito wa jambo hili. Ibara ya 6(d) inataja dhana zote mbili katika aya moja: haki ya kijamii kama hali ya jamii yenye usawa, na haki za binadamu na za watu. Kwa Kiswahili, tofauti kati ya haki ya kijamii na haki za kijamii hubebwa na upatanisho wa kisarufi peke yake. Ya ikikosewa ikawa za, kanuni ya uongozi hugeuka orodha ya stahili, na swali la nani anaweza kwenda mahakamani, na kudai nini, hubadilika. Katika sentensi kama “serikali italinda haki” hata upatanisho haupo wa kumsaidia msomaji.

Kifaransa huongeza tatizo la namna nyingine. Neno “droit” huhusu sheria kwa ujumla, stahili ya mtu, unyoofu na upande wa kulia. Mwanasheria wa Burundi au wa Kongo anayefasiri kutoka Kifaransa hulazimika kuchagua kati ya sheria na haki. Mwenzake wa Kenya anayefasiri kutoka Kiingereza hakabiliwi na uchaguzi huo. Wakuu wa Nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi mwaka 2021, hivyo matini za Kiswahili zitakuwa na vyanzo viwili visivyolingana.

Hitimisho

Kubuni neno jipya si lazima. Uadilifu, ambalo lingeweza kupendekezwa, limekwisha kuzoeleka kama sifa ya mtu mwaminifu. Kiswahili tayari kina nyenzo: utoaji haki na upatikanaji wa haki kwa kazi ya mahakama, haki ya kuishi au haki ya kupiga kura, yaani haki ikifuatwa na kitenzi, kwa stahili mahususi, na wingi wenye upatanisho dhahiri kwa jumla ya stahili. Kinachokosekana ni kuzitumia kwa uthabiti. Kila sheria inayotumia haki kwa maana zote mbili ifafanue matumizi hayo katika kifungu cha tafsiri, na orodha za istilahi za Jumuiya zipangwe kwa dhana, Kiingereza na Kifaransa vikiwa bega kwa bega. Mwananchi anayesoma sheria kwa Kiswahili anapaswa kujua kama ameahidiwa jamii yenye usawa, au jambo mahususi analoweza kulidai mbele ya hakimu.