Uwanja wa Chake na Haki ya Mwenye Ngoma

Aghalabu utajwapo utamaduni wa miji ya Visiwani, fikra hukimbilia Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ambao una tamasha lake la filamu tangu 1998 na lile la muziki, Sauti za Busara, tangu 2004. Hatuoni kijicho. Lakini Chake Chake nao ni mji, wenye soko, skuli, afisi na ngome yake. Na yafaa tujiulize mapema, kabla majengo hayajatutangulia: je, utakuwa mji wa sanaa ya nani?

Ngome yenyewe ni funzo. Sehemu yake kubwa ilibomolewa kupisha hospitali, na kilichosalia kimefanywa makumbusho. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, makumbusho huhifadhi mkeka, hayamhifadhi mwanamke anayejua kuchagua ukindu, kuutia rangi, kusuka ukili na kuushona. Yeye yuko shamba, na aingiapo mjini huja kama muuzaji tu, hakuna anayemwita fundi.

Nitoe mfano wa kirumbizi, kwa kuwa hapo ndipo tunapokosea zaidi. Kirumbizi huchezwa kwa fimbo, kwa mdundo wa ngoma na sauti ya zumari. Wawili huingia kati, nao watu huwazunguka. Lakini wale wanaozunguka si watazamaji: yeyote miongoni mwao aweza kuipokea fimbo na kuingia. Duara ndiyo sheria ya mchezo. Sasa tazama tufanyavyo katika sherehe zetu. Wachezaji huchaguliwa, huvishwa sare, hupewa dakika chache, kisha huamriwa waelekee jukwaa kuu ili wageni wasipewe kisogo. Duara likishavunjwa likawa mstari, kilichobaki ni maonyesho ya fimbo. Msewe nao, ulioitwa kwa jina la njuga zifungwazo miguuni, hukatwa vivyo hivyo, pengine kabla miguu haijapata moto.

Juu ya mchezo wa ng'ombe sina haja ya kurefusha. Tumezoea kuusifu kwa kuwa inasemekana tuliurithi kwa Wareno, kana kwamba thamani yake imetoka ng'ambo! Heri tungesema kwamba Mpemba hamuui ng'ombe wake, na kwamba pasipo nyimbo za wanawake uwanja ule hupooza.

Ama ushairi, mwalimu mwenzangu anielewe vyema. Kamange na Sarahani, washairi wa Pemba wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, walitungiana na kujibizana. Na mwaka 2011 tungo zao zilichapishwa Dar es Salaam katika kitabu kiitwacho *Kale ya Washairi wa Pemba*. Kitabu hicho kimetuondolea udhuru. Mwanafunzi wa Chake awezaye kueleza maisha ya Shakespeare, akashindwa kuwataja hawa wawili, hana kosa. Kosa ni letu tuliomfundisha. Naye asiwakariri tu. Ajibu, kama walivyojibizana wao.

Basi naona kazi ya mji si kujenga ukumbi wa fahari. Utengwe uwanja ulio wazi, usio na jukwaa kuu, na siku zake zipangwe na wenye ngoma wenyewe, mavuno ya karafuu yakishapita, wala si na sisi watu wa afisi. Wasukaji wapewe mahali pa kufundishia, si pa kuuzia tu.

Nasema haya kwa kuwa nimo katika lawama. Zamani nilikuwa katika kamati moja ya sherehe, nami ndiye niliyeshika saa. Mzee mmoja mpiga zumari alinisogelea, akawaonyesha vijana waliosimama nyuma ya kamba na fimbo zao, akaniuliza: "Mwanangu, na wale wataingia saa ngapi?"

Nikaitazama ratiba. Hawakuwamo.