Jicho la Wavu na Rula ya Kiwandani: Jinsi Sangara Wachanga Walivyowekewa Kinga Ziwa Victoria

Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, hutajwa zaidi kwa dhahabu yake, ilhali upande wake wa kaskazini unaishia ziwani, kwenye mialo kama Nkome na Kasenda, na huko tatizo linalowashughulisha wataalamu wa uvuvi duniani kote, yaani kunaswa kwa kiumbe asiyekusudiwa, lina sura yake ya pekee. Baharini wahanga wake ni kasa, pomboo na nguva. Katika Ziwa Victoria, ukimwacha fisi maji anayekwama wavuni na kufa kwa kukosa hewa, mhanga mkuu ni samaki yuleyule anayetafutwa, ila akiwa bado mchanga: sangara ambaye hajawahi kutaga.

Kinga ya kwanza iliwekwa kwenye wavu wenyewe. Makila, yaani nyavu za kutega, husimama majini zikisubiri samaki ajaribu kupenya, kichwa kipite na mwili ukwame nyuma ya mashavu, hivyo ukubwa wa jicho ndio unaoamua nani abaki na nani apite. Tanzania iliweka inchi 6 kuwa kiwango cha chini kwa makila ya sangara, na jicho hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo. Kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, lilipigwa marufuku kwa sababu halichagui: hukusanya wachanga wanaokulia kwenye maji ya kina kifupi na kuharibu viota vya sato, ambaye jike lake huatamia mayai mdomoni. Operesheni Sangara ya mwaka 2018, iliyoteketeza nyavu haramu kwa moto, iliegemea hoja hiyohiyo ya zana, ingawa moto humwondolea mvuvi wavu bila kumwondolea sababu ya kuununua mwingine.

Kinga ya pili iliwekwa sokoni. Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na yenye makao makuu Jinja, Uganda, ilisimamia makubaliano ya nchi tatu kwamba sangara wa kuchakatwa awe na urefu wa kati ya sentimita 50 na 85. Mpaka wa chini ulimlinda mchanga, na wa juu ulimlinda jike mkubwa, ambaye mayai yake ni mengi mara nyingi kuliko ya jike mdogo. Ustadi wa mpango huu ulikuwa katika mahali pa ukaguzi, kwa maana mialo ni mingi na imetawanyika, lakini viwanda vya minofu vinahesabika, na samaki mmoja akilazwa juu ya rula mlangoni pa kiwanda jibu hupatikana papo hapo.

Hata hivyo, rula hufanya kazi samaki akiwa amekwisha kufa. Aliyekaa usiku kucha kwenye makila hawezi kurudishwa ziwani, na aliyevutwa kwa ndoana kutoka kwenye kina kirefu huibuka bondo lake, yaani mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea, likiwa limefura, kwa hiyo hata akiachwa huenda asiweze kuzama tena. Sangara wa sentimita 45 anayekataliwa kiwandani hapotei bure: hukaangwa, hubanikwa au hukaushwa kwa chumvi na kuwa kayabo, na kuingia masoko ambako hakuna rula. Mpaka wa juu ulikuwa dhaifu zaidi, kwa kuwa bei ya mabondo katika soko la China ilimfanya sangara mkubwa kuwa na thamani zaidi ya minofu yake.

Hapa mfano wa bahari unafaa. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1989, ilizuia kamba kutoka nchi ambazo meli zake za kukokota hazikuwa na kifaa cha kuokoa kasa, yaani fito za chuma zinazofungwa ndani ya wavu, kamba wapite katikati yake na kasa asukumwe nje kupitia tundu. Nako soko ndilo lililoamuru, lakini liliamuru kifaa kinachofanya kazi kiumbe akingali hai.

Uvuvi wa dagaa ndio unaodai ufumbuzi wa aina hiyo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani za karabai na sasa nyingi za sola. Mwanga huvuta wadudu wadogo wa majini, wadudu huvuta dagaa, na sangara wadogo hufuata chakula hichohicho. Jicho la milimita chache haliwezi kupanuliwa hadi kumpitisha sangara mchanga bila kumpoteza dagaa mwenyewe, kwa hiyo hapa kipimo cha wavu kinaishiwa nguvu na kinachobaki ni mahali pa kuvulia. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, kinaonyesha njia, maana uvuvi wa biashara hauruhusiwi katika maji yake na samaki huzaliana humo. Vikundi vya usimamizi wa mialo katika wilaya za Chato na Geita havihitaji kungoja operesheni nyingine ili kukubaliana na wenye mitumbwi kwamba taa za dagaa ziwashwe mbali na ghuba na matete, ambako sangara wachanga hukulia.