Jumla au Majumuisho? Uhakiki wa Lugha ya Ripoti za Kompyuta

Safari hii hatuhakiki riwaya wala tamthilia. Tunahakiki matini ambayo wengi wetu huisoma bila kuihoji, yaani ripoti ya kompyuta. Tutajikita katika Reporting Services ya Microsoft, programu iliyotolewa mwaka 2004, hasa inapochota takwimu kutoka Analysis Services.

Takwimu hizo hupangwa katika umbo linaloitwa mchemraba. Mchemraba huu waweza kuwa na mihimili mingi: mwaka, kozi, darasa, jinsia. Mihimili inapokutana ndipo penye kipimo, kwa mfano idadi ya wanafunzi au wastani wa alama. Sitiari hii tunaisifu, kwani inamkumbusha msomaji kwamba jambo moja hutazamwa kutoka pembe nyingi.

Hata hivyo, ripoti haiupokei mchemraba kama ulivyo. Huulaza kwanza ukawa jedwali bapa: katika ulizo la MDX, safuwima hubeba vipimo tu, na mihimili hushushwa kwenye safu. Hapo ndipo maana huanza kupotea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Darasa la kwanza lina wanafunzi 10 wenye wastani wa alama 80. Darasa la pili lina wanafunzi 90 wenye wastani wa 50. Mtengenezaji wa ripoti akiburuta kipimo cha wastani hadi kwenye jedwali, programu kwa kawaida humwekea amri ya Sum, na mstari wa mwisho huonyesha 130, katika mtihani wa alama 100! Akiibadili kuwa Avg, atapata 65, yaani wastani wa wastani. Akitumia Aggregate, ripoti humwachia mchemraba ujibu wenyewe, nao, ukiwa umejengwa vizuri, utajibu 53. Hilo ndilo jibu sahihi, kwani alama zote ni 5,300 na watahiniwa ni 100.

Kwa maoni yetu, 130 si hatari sana, maana inajiumbua yenyewe. Hatari ni 65, kwa sababu inafanana na ukweli. Mkuu wa idara anaweza kuitegemea na kusema kozi inakwenda vizuri, ilhali wanafunzi 90 wamesongamana katika darasa moja na wanahitaji mwalimu wa pili.

Programu ina lawama kwa kuchagua Sum bila kuuliza. Lakini nasi watu wa lugha tuna sehemu yetu, kwani Sum na Aggregate zote mbili ni rahisi kuziita "jumla". Tunapendekeza neno jumla libaki kwa kujumlisha tu, na majumuisho litumike kwa jibu linalotoka katika mchemraba. Vivyo hivyo, mhimili usiitwe kipimo.

Walimu wenzetu, ripoti inapoletwa mezani, tuulize: hii ni jumla au majumuisho? Mwalimu wa Kiswahili asione haya kuuliza hivyo mbele ya wataalamu wa kompyuta. Kupambanua maana za maneno ndiyo kazi yake.