‘Borrow’ au ‘lend’? Pitia kwenye kitenzi chako

Mwaka 1936 T. J. Fitikides, mwalimu wa Kiingereza aliyefundisha Nicosia, Saiprasi, alitoa kitabu kidogo cha makosa ya kawaida ya Kiingereza. Mtindo wake ulikuwa mwepesi: usiseme hivi, sema hivi, halafu kanuni kwa mistari miwili mitatu. Sehemu moja ilihusu maneno yanayochanganywa. Kitabu kilichapwa tena na tena, na mtindo huo ukaenea kila mahali: vijitabu vya kando ya stendi, kurasa za nyuma za vitabu vya shule, na siku hizi picha za rangi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, neno la kushoto likiwa na alama ya kosa na la kulia likiwa na tiki.

Mtindo huo una faida moja kubwa: unasomeka haraka. Tatizo lake ni kwamba unachukulia michanganyo yote kuwa ya aina moja. “Its” na “it’s” huchanganywa na Waingereza wenyewe, kwa kuwa hutamkwa sawasawa. “Live” na “leave” tunazichanganya sisi, kwa kuwa sikio letu lina irabu tano. “Borrow” na “lend” zina kisa kingine kabisa, na kisa hicho kimo ndani ya Kiswahili. Mwalimu wa Nicosia alikuwa na wanafunzi wake mbele yake na makosa yao; kauli ya kutendesha haikumhusu. Sisi inatuhusu.

Chukua ujumbe wa simu wa aina hii: “Please borrow me 20,000, nitarudisha Ijumaa.” Aliyeuandika hakufanya uzembe. Amewaza kwa Kiswahili, na kitenzi kilichomjia ni azima, ambacho hutazama pande zote mbili. Niliazima jembe kwa jirani; jirani aliniazima jembe. Mtoaji na mpokeaji wanatumia neno lilelile, ndiyo maana “niazime kalamu” haimshtui mtu. Ihamishe “niazime” kama ilivyo na utapata “borrow me”. Lakini Kiswahili hichohicho kina kopa, na kopa haina utata huo. Mimi nakopa, wewe unanikopesha. Hakuna anayesema “nikope” akimaanisha “nikopeshe”. Kwa hiyo ukifika kwenye “borrow” na “lend”, iache azima kando hata kama kinachoombwa ni kalamu, upitie kopa: kopa ni “borrow”, kopesha ni “lend”. Kanuni ya Kiingereza ya kukariri hapo haipo. Tofauti unaijua tangu utotoni.

Mnyambuliko wa vitenzi unatatua jozi nyingine nyingi ambazo vitabu hutumia kurasa nzima kuzieleza. Bei imepanda, serikali imepandisha bei: ya kwanza ni “rise”, ya pili ni “raise”. Nimekumbuka, amenikumbusha: “remember”, “remind”. Anayeandika “remember me to bring the book” ameisahau -sha yake tu. Simu imeanguka, nimeangusha simu: “fall”, “drop”. Mtoto amelala, mama amemlaza mtoto: “lie”, “lay”. Hii ya mwisho ina mtego ambao si wa kwetu, kwa kuwa wakati uliopita wa “lie” ni “lay”, na hapo hata aliyezaliwa London hubabaika.

Kauli ya kutendwa nayo ina kazi yake. Barua za maombi ya kazi zimejaa “I am interesting in this position”, yaani mwombaji anajisifu kuwa yeye ni mtu wa kuvutia, na anavutia ndani ya cheo hicho. Alitaka kusema amevutiwa. Hapo ipo -wa, na -wa inakwenda na “-ed”: nimevutiwa, “I am interested”. Kazi yenyewe inavutia, “the job is interesting”. Jaribu na “boring” na “bored”. Hotuba inachosha, wasikilizaji wamechoshwa. Ukimwambia mwenyeji wako “I am boring” umemwarifu kwamba wewe ndiye unayewachosha watu, jambo ambalo huenda ni kweli, lakini si ulilokusudia.

Halafu kuna “say” na “tell”, jozi ambayo kila orodha inayo. Sijui kwa nini tunafundishwa kana kwamba ni ngeni. Sema “aliambia kwamba atachelewa” na kila mtu atauliza: alimwambia nani? Ambia haikubali kusimama bila mtu wa kuambiwa, na “tell” katika matumizi haya ni hivyohivyo. Upande wa pili, “alinisema” ni Kiswahili safi, ila maana yake ni kwamba alinigombeza au alinisengenya. Sema haimpokei msikilizaji kama mtendwa wake, na “say” pia haimpokei. Ndiyo maana “he said me” haipo. Vitenzi vya lugha mbili zisizo na udugu vina tabia moja. Basi “he told that” na “he said me” zingekuwa makosa adimu kwetu kama mwalimu angeanzia kwenye ambia.

Kwamba kitenzi kina tabia, mbali na maana yake, ni jambo lililochukua muda kuingia kwenye kamusi. Harold Palmer alikwenda Japani mwaka 1922, na mwaka uliofuata akaanzisha Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. A. S. Hornby, aliyefika Japani mwaka 1924 kufundisha, baadaye alijiunga na kazi hiyo. Waliona kwamba kamusi zilizotungwa kwa ajili ya Waingereza hazimfai mwanafunzi wa Kijapani, kwa kuwa zinampa maana ya kitenzi bila kumwambia kitenzi hicho hufuatwa na nini. Hornby, pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield, akatunga kamusi iliyopanga vitenzi katika ruwaza 25. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, vita ikiwa imepamba moto. Oxford waliitoa upya mwaka 1948, na ndiyo mzazi wa kamusi nene ya wanafunzi ambayo hadi leo iko kwenye rafu za shule zetu. Wengi wetu tunaifungua kutafuta maana na kuziruka alama ndogo zilizo pembeni mwa kitenzi. Jawabu la “discuss about” limo kwenye alama hizo.

“Discuss about” yenyewe inastahili tuitazame kwa karibu. Discuss ni jadili, na sisi husema “tulijadili bajeti” bila kihusishi chochote. Kosa haliji kutoka jadili. Linatoka “zungumza kuhusu”. Kinyume chake ni “wait” na “listen”. Ningoje, nisikilize: mtendwa kakaa ndani ya kitenzi, hakuna cha kumtenganisha. Ndipo zinapozaliwa “wait me” na “listen me”. Kiingereza kinadai “for” katika ya kwanza na “to” katika ya pili, na hapa Kiswahili hakikusaidii hata kidogo. Njia niliyoiona inafaa ni kuacha kuziandika kama “wait” na “listen”. Daftarini ziwe “wait for” na “listen to”, kana kwamba ni neno moja lenye nafasi katikati.

Hilo linafungua mlango wa kundi linalowatesa watu kuliko yote, vitenzi vyenye mikia midogo. “Look at” ni tazama, “look for” ni tafuta, “look after” ni tunza, “look into” ni chunguza, “look down on” ni dharau. Sisi tuna mizizi mitano. Kiingereza kina mzizi mmoja na mikia mitano. Anayejifunza “look” kwanza, halafu akaambiwa aongeze mkia, huhangaika, kwa sababu maana haikokotolewi kwa kujumlisha. Hakuna kutazama ndani ya kutunza mtoto. Anayechukua “look after” nzima na kuibandika kwenye tunza amemaliza kazi. Hata “ask” iko hivyo: “ask” ni uliza, “ask for” ni omba. Tofauti ambayo Kiswahili kimeiweka kwenye vitenzi viwili visivyofanana hata herufi, Kiingereza kimeitundika kwenye silabi moja ambayo mwanafunzi huidondosha njiani. “I asked money” haisemi ulichotaka kusema.

Sasa tufike pale ambapo lugha yetu haina msaada. Fanya inabeba “do” na “make” zote mbili. Mkono unaanzia begani hadi ncha za vidole, wakati Kiingereza kina “arm” na “hand”; mguu nao ni “leg” na “foot”, na mgonjwa anayemweleza daktari mgeni asiyejua Kiswahili anaweza kuelekeza uchunguzi mahali pasipouma. Sikia inapokea sauti, njaa, baridi, harufu na kizunguzungu, ilhali “hear” inapokea sauti peke yake. Kwa arm na hand inatosha kuchora mpaka kwenye kifundo. Kwa “do” na “make” hakuna mpaka wa kuchora.

Vitabu hujaribu. Husema “make” ni kuunda kitu na “do” ni kutenda. Kanuni hiyo inavunjika mara moja: “make a mistake”, “make a phone call”, “make an effort”, lakini “do business”, “do damage”, “do your best”. Anayetaka kujua kwa nini ajiulize kwanza kwa nini sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti na tunapiga chafya. Hakuna mtoto aliyefundishwa kanuni ya piga. Aliyasikia maneno yakiwa pamoja, akayachukua pamoja.

Kwamba sehemu kubwa ya lugha hufanya kazi hivyo kulithibitika mashine zilipoanza kuhesabu. Palmer alikuwa ameshakusanya maneno yanayoandamana na kutoa ripoti yake mwaka 1933, kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1980 John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa ushirikiano na wachapishaji Collins, alianzisha mradi wa COBUILD. Walikusanya matini halisi, vitabu, magazeti na mazungumzo, yakafika maneno yapatayo milioni 20, wakayaingiza kwenye kompyuta. Kompyuta iliweka neno moja katikati ya ukurasa, mstari baada ya mstari, na kila mstari ulionyesha maneno ya kushoto na kulia kwake mahali lilipotokea. Ukiteremka na macho unaona neno linatembea na nani. Kamusi iliyotoka mwaka 1987 ilifafanua maneno kwa sentensi kamili: badala ya kueleza “lend” kwa kisawe, iliiweka ndani ya tukio lenye mtu anayetoa, mtu anayepokea na kitu. Binafsi naona hiyo ndiyo hatua iliyomfaa zaidi mwanafunzi wa mbali asiye na Mwingereza jirani. Leo mtu mwenye simu na intaneti anaweza kufanya kazi ileile ya Birmingham kwa neno lake moja: mkusanyiko wa Kiingereza cha Marekani ulioanzishwa na Mark Davies mwaka 2008 umepita maneno bilioni moja, na unatafutika mtandaoni.

Kuna kasoro nyingine ya orodha za jozi ambayo wauzaji wake hawaijui. Mwaka 1993 Thomas Tinkham alionyesha kwa majaribio kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana yakifundishwa pamoja hushikwa polepole kuliko maneno yasiyohusiana. Rob Waring alirudia jaribio hilo kwa wazungumzaji wa Kijapani mwaka 1997 na kupata matokeo ya namna hiyohiyo. Maneno yanayofanana yakiingia kichwani kwa siku moja hugombea nafasi. Orodha ya kushoto na kulia inafanya hasa hicho. Mwanafunzi anatoka akijua kwamba kuna tofauti kati ya “affect” na “effect”, ila hajui ipi ni ipi. Jozi ambazo Kiswahili tayari kimezitenga, kama kopa na kopesha, au athiri na athari, unaweza kuzisoma siku moja bila madhara, kwa kuwa nafasi zake mbili zipo tayari. Zile za fanya zitenge kwa majuma. Maliza “make a mistake” na wenzake, uzitumie mpaka zizoeleke, ndipo “do” ije.

Za tahajia sizipi muda mwingi. “Their” na “there”, “its” na “it’s” ni mambo ya mkono unaoandika, na zinanyooka kwa kuhariri. Za sauti ni ngumu zaidi. “Hat”, “hut” na “heart” zote hutua kwenye a yetu, “live” na “leave” kwenye i, na makosa hayo hupanda hadi kwenye maandishi: “I will live the office at five.” Hapo dawa ni sikio, redio na kurudia. Orodha haitamki.

Zimebaki semi za kila siku, ambazo maana yake haimo katika neno lolote kati ya maneno yake. “I’m afraid we are closed” haina hofu ndani yake. Ni namna ya kukukatalia kwa adabu. “Sorry” imebeba pole na samahani kwa pamoja, lakini Mwingereza aliyejikwaa akiambiwa “sorry” na mpita njia wa Nairobi hudhani anaombwa radhi, hivyo hujibu kwamba si kosa lako. Na barua ya maombi ya kazi, ikishapita “I am interested”, hufika kwenye sentensi yake ya mwisho: “I look forward to hear from you.” Wengi huona “to” wakakumbuka “to go”, “to eat”. “To” hii ni ile ya “to school”, inayotaka jina mbele yake. Ipime kwa kuweka jina: “I look forward to your reply.” Imekaa. Basi kitenzi nacho kitakachoingia mahali hapo lazima kivae umbo la jina, “hearing”, na barua iko tayari kutumwa.