Springerle: Namna Picha Inavyosalimika Tanurini

Springerle ni biskuti nyeupe za kusini-magharibi mwa Ujerumani, hasa Swabia, zinazookwa majuma kadhaa kabla ya Krismasi. Huokwa pia Bavaria, Alsace na Uswisi. Kila biskuti hubeba picha iliyochomoza juu yake: mpanda farasi, ua, malaika, nembo ya ukoo, mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo. Picha hiyo haipakwi baada ya kuoka. Huchapwa kwenye donge bichi kwa kalibu ya mti, kisha biskuti hupitishwa motoni na kutoka na mistari yake yote, hata ile myembamba ya manyoya ya bawa. Ugumu wa kazi uko hapo, kwa sababu donge linaloumuka hutanuka kila upande, na likitanuka sura huharibika. Karibu kila sharti la mapishi haya, hata lile linaloonekana kuwa mila tupu, lipo ili biskuti iinuke kutoka chini na uso wake wa juu usisogee.

Kalibu nzuri huchongwa kwenye mti wa mpea. Mti huo ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, wala hauna vinyweleo vikubwa ambamo donge lingenasa. Mchongaji hufanya kazi kinyume: kinachotakiwa kuchomoza hukichimba, na uso unaotakiwa kutazama kulia huuchonga ukitazama kushoto. Kuta za kila shimo huinamishwa kidogo kuelekea nje, kwani ukuta uliosimama wima hung'ang'ania donge na kulichana wakati wa kulitoa. Kalibu ya zamani zaidi inayojulikana ni ya karne ya 14. Ni ya duara, ina mwanakondoo wa Pasaka, ilitoka kwenye monasteri ya St. Katharinental, na imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Uswisi mjini Zürich. Picha za mwanzo zilikuwa za Biblia. Katika karne ya 17 na 18 ziliingia nembo na mavazi ya wakubwa, baadaye maua na alama za mapenzi. Mtoto mchanga aliyechapwa kwenye biskuti ya harusi alikuwa dua ya uzazi. Kalibu nyingi za siku hizi humiminwa kwa resini kutoka kwenye zile za kale, na kwa kweli hunakili vizuri sana.

Donge lina vitu vichache: mayai manne, nusu kilo ya sukari iliyosagwa laini kama unga, nusu kilo ya unga wa ngano, na chumvi ya pembe za kulungu kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu. Siagi haimo, na kukosekana kwake ndio uamuzi mkubwa kuliko yote. Siagi huyeyuka mapema, kabla ya yai na unga kushikana, na donge lililolegea humwaga picha. Biskuti za Rhine ziitwazo spekulatius nazo huchapwa kwa kalibu, lakini zina siagi. Kwa hiyo hufanywa nyembamba, na picha zake huridhika na mistari michache.

Mayai na sukari hupigwa kwa muda mrefu. Kabla ya mashine za umeme, mapishi yaliweza kudai saa nzima ya kupiga kwa mkono. Hewa inayoingia ni faida moja tu. Faida ya pili, ambayo wapishi wenye haraka huisahau, ni kuyeyuka kwa sukari. Chembe iliyobaki nzima hukwaruza uso na kuacha madoa baada ya kuokwa.

Chumvi ya pembe za kulungu ilipata jina lake kwa haki, kwani zamani ilipatikana kwa kuunguza pembe za kulungu na kukusanya mvuke wake. Siku hizi hutengenezwa viwandani, nayo ni mchanganyiko wa chumvi za amonia. Ikifika nyuzi joto 60 hivi huvunjika yote kuwa gesi: amonia, kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Keki nene ingefungia amonia ndani na isingelika, lakini biskuti nyembamba na kavu huiachia yote itoke. Sifa inayoifaa springerle ni kwamba chumvi hii husubiri moto. Poda ya kawaida ya kuokea huanza kazi mara inapolowa, na ingeliinua donge polepole wakati linapotakiwa kutulia.

Donge lililopumzika baridini husukumwa hadi unene wa sentimita moja hivi. Kalibu hupakwa unga kidogo, hukandamizwa kwa nguvu zilizo sawa kila upande, huinuliwa, na biskuti hukatwa kufuata ukingo. Kisha huachwa juu ya trei iliyonyunyiziwa mbegu za anisi, ambazo harufu yake inakaribiana na ya shamari, kwa saa 24 au zaidi, mahali pasipo na upepo. Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Uso wa juu hupoteza maji na kufanya gamba jembamba, huku upande wa chini ukibaki na unyevu. Wapishi wengi huongeza tofauti hiyo kwa kulowesha kidogo tumbo la biskuti kabla tu ya kuoka, ama kwa brashi, ama kwa kuilaza juu ya kitambaa chenye maji.

Joto la oveni huwa la chini, nyuzi 140 hadi 160, ili uso ubaki mweupe. Gesi inapozaliwa hukuta juu pamefungwa na chini pamelegea, hivyo huinua gamba lote pamoja na picha yake, kama mvuke unavyoinua kifuniko cha sufuria. Chini ya ukingo huchomoza pindo lenye vinyweleo ambalo mafundi huliita miguu, na kwa pindo hilo kazi huhukumiwa. Miguu ikiwa upande mmoja tu, biskuti haikukauka sawasawa. Uso ukipasuka, gamba lilikuwa bado changa. Miguu isipotoka kabisa, biskuti ilikauka hadi tumboni. Springerle iliyotoka tanurini ni ngumu mno. Hutiwa kwenye kopo pamoja na kipande cha tufaha na kuachwa majuma kadhaa ivute unyevu na kulainika.

Donge la asali, linaloitwa lebkuchen, lilichapwa kwa kalibu za namna hiyohiyo, ila hutegemea kemia nyingine. Historia ya mji wa Nürnberg husimulia kwamba mwaka 1487 Kaisari Friedrich III aliwagawia watoto mikate ya asali yenye sura yake. Waokaji wa lebkuchen wa mji huo walipata chama chao wenyewe mwaka 1643. Asali waliipata kwa wafuga nyuki wa misitu ya jirani, na viungo vililetwa na wafanyabiashara wa mbali: mdalasini, iliki, na karafuu, zao ambalo katika karne ya 19 Unguja na Pemba ziliongoza duniani kulizalisha. Donge la asali na unga liliweza kulazwa miezi kadhaa. Bakteria wake walizalisha asidi, na asidi hiyo ndiyo iliyoiamsha potashi, chumvi iliyochujwa kwenye majivu ya kuni. Waokaji wa Ujerumani husema potashi hulisukuma donge kwa upana na chumvi ya pembe hulisukuma kwenda juu, na mchapaji wa picha hana budi kupima uzito wa kila moja.

Nchini Austria mwokaji wa mikate ya asali alikuwa pia mtengeneza mishumaa, kwa kuwa asali na nta hutoka kwenye sega moja. Kalibu ileile iliweza kutoa mkate na sanamu ya nta ya nadhiri, na mahali pa hija kama Mariazell mahujaji walinunua vyote viwili.

Picha za kuchapwa zilianza kurudi nyuma malighafi zilipobadilika. Huko Aachen, vikwazo vya biashara vya Napoleon viliadimisha asali na sukari ya miwa. Sharubati ya kiazisukari iliyochukua nafasi ya vitu hivyo ilifanya donge lisilotoka vizuri kwenye kalibu, na printen, mikate ya asali ya mji huo, zikawa vipande bapa vya kukatwa kwa kisu. Mjini Nürnberg, lebkuchen za hali ya juu zilijazwa lozi na karanga za miti hata zisichapike; hulazwa juu ya kaki nyembamba mfano wa hostia. Kisha sukari ya kiazisukari, ambayo kiwanda chake cha kwanza kilianzishwa na Franz Achard huko Silesia mwaka 1801, ikawa rahisi. Mapambo yakahamia juu ya mkate: picha za karatasi za rangi zilizobandikwa, na mistari ya sukari iliyochanganywa na ute wa yai. Mioyo ya lebkuchen ya Oktoberfest mjini München hutoka kwenye njia hii. Donge lake hufanywa gumu, kwa maana moyo huo huvaliwa shingoni kwa utepe, na wengi huutundika ukutani miaka mingi bila kuuonja.